Nilipoacha Petroli Nikaingia Dizeli

Siku ya kwanza nilipompelekea fundi lori langu, mfukoni nilikuwa na plagi nne mpya. Nilikwenda dukani mwenyewe, nikamwambia muuzaji anipe zile nzuri, nikalipa, nikazifunga kwenye leso. Nikashuka pale Makupa, nikamtilia fundi kiganjani, nikamwambia, "Hizi hapa, nibadilishie, naona gari yachelewa kuwaka." Fundi akazitazama plagi. Akanitazama mimi. Akalitazama lori. Kisha akanirudishia moja moja, taratibu, kama mtu anayemrudishia mtoto njugu zake, akasema, "Bwana Athumani, hii ni dizeli. Haina plagi."

Chekeni, mna haki. Nyinyi mnaopita hapa barazani kwangu kila jioni kuniuliza mambo ya magari, mnadhani mzee huyu alizaliwa anajua. Mtu akishastaafu, watu humdhania alikuwa hodari. Mimi nimeendesha gari za mzigo kisiwani humu zaidi ya miaka thelathini, na ninaloweza kuwaapia ni kwamba makosa mnayoyafanya nyinyi, mimi niliyafanya kabla yenu na kwa bidii zaidi.

Kabla ya lori nilikuwa na pikapu ya petroli, rangi ya maziwa, na nilikaa nayo miaka kumi na miwili. Mji wa Kale mzima walinijua kwayo. Hata mke wangu, Mwanasha, watu walimwita Mke wa Pikapu, na hakupenda hata kidogo. Ile pikapu ilikuwa ikiingia vichochoro ambavyo mtu mnene hupita ubavuubavu. Nilikunja vioo, nikavuta pumzi, nikapita. Nimebeba makabati, vitanda vya samadari, masufuria ya pilau ya harusi, nikafikisha mpaka mlangoni mwa mtu, na nikipigiwa vigelegele nilijiona mimi ndiye bwana harusi. Kisha ikaingia miaka ya tisini, na kila mwenye shamba aliyeuza minazi yake akanunua pikapu. Zikawa nyingi mjini kuliko makabati ya kubeba.

Hapo nikasikia kwamba Mzee Bakari, muuza jumla wa unga na mchele pale Bondeni, anatafuta mtu mwenye lori. Alikuwa na malori yake matatu, hayakutosha. Alitaka la nne la kukodi, la kutoa mzigo ghalani Mbaraki na kuuvusha Makupa kwenda maduka ya Changamwe na mbele yake. Nikaiuza pikapu, nikachimbua na akiba ya nyumbani, nikanunua lori la dizeli lililokwisha kutumika. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akilibebea mawe ya kujengea, na lori nalo lilikuwa limeshika tabia ya mawe.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuliingiza Mji wa Kale kwenda kujionyesha. Likakwama baina ya baraza mbili, mchana kweupe. Ilibidi nirudi nyuma hatua kwa hatua huku kina mama wakiniongoza kutoka madirishani, huyu aniambia kulia, yule aniambia kushoto, na mmoja aniuliza kama mama yangu anajua niliko. Ndipo nilipotambua kuwa wateja wangu wote wa miaka kumi na miwili wanakaa mahali ambapo gari langu haliingii. Hilo sikuwa nimelifikiri. Nililipima lori urefu, nikasahau kulipima upana. Kwa hiyo kazi ya Mzee Bakari haikuwa tena moja ya kazi. Ilikuwa ndiyo kazi.

Na Mzee Bakari hakunitaka. Alisema, mbele yangu, "Huyu ni mtu wa pikapu. Mzigo wangu si makabati." Aliyeniokoa ni huyu fundi wa plagi. Jina lake Kahindi, Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa kanisani, mikono mipana na maneno machache. Alikuwa na uwanja wake wa mabati pale Makupa, na malori yote matatu ya Mzee Bakari yalikuwa mikononi mwake. Kutwa alikuwa chini ya gari la mtu. Alikuwepo dukani siku hiyo, akifuta mikono kwa tambara, akasema, "Mpe kazi, Mzee. Mimi namjua. Dizeli atajifunza. Akiharibu, niulize mimi." Hatukuwa ndugu, hatukuwa dini moja, na alikuwa amenijua kwa muda wa plagi nne tu. Mpaka leo sijui aliona nini kwangu.

Sasa hebu niwape habari ya kulizima lori, maana hii mtaisikia kwa watu wakiwa wameizidisha chumvi, afadhali muipate kwangu. Aliyeniuzia alitaka kunionyesha. Akasema, "Ukitaka kuzima, vuta hapa." Mimi nikamkata kauli: "Bwana, mimi nimeshika usukani miaka na miaka, wanifunza kuzima gari?" Akachukua pesa zake, akaenda zake. Siku za mwanzo utingo wake alibaki nami, naye ndiye aliyekuwa akilizima. Ijumaa ya kwanza niliyokuwa peke yangu nikafika msikitini Bondeni nimechelewa, khutuba imeshaanza. Nikageuza ufunguo, nikautoa, nikautia mfukoni. Lori likaendelea kunguruma. Nikaurudisha ufunguo, nikageuza tena. Likanguruma vilevile. Nikajiambia, labda linapoa, litazima lenyewe.

Nikaingia nikasimama safuni, ufunguo mfukoni, na gari yangu inanguruma nje ya dirisha. Imamu alipoinua sauti, nalo naona likainua. Sijapata kusali sala fupi iliyokuwa ndefu vile. Tulipotoa salamu, nusu ya msikiti walikuwa wamelizunguka lori, kila mtu ana shauri lake. Mmoja alitaka limwagiwe maji. Mwishowe nikaingia, nikatia gia ya tatu, nikakanyaga breki, nikaachia klachi. Likaruka, likamwaga birika la muuza kahawa, likafa. Nililipa kahawa ambayo sikuinywa. Ilipofika alasiri Kahindi alikuwa ameshasikia, akaja mwenyewe mpaka kwangu, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akanionyesha kitufe cheusi cha kuvuta, chenye waya. "Hiki chakata mafuta," akasema. "Ufunguo ni wa umeme tu. Dizeli ikishawaka haina haja na umeme wako."

Huyo ndiye alikuwa mwalimu wangu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Alinifunza kuondoka kwa gia ya pili nikiwa sina mzigo, na kutoipigia injini kelele, kwa kuwa nguvu ya dizeli iko chini, si juu. Alinifunza kufungua skrubu ya chini ya chujio kila wiki ili maji yatoke, maana dizeli ya siku zile ilikuwa na maji kama tui la pili. Na alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye tangi, akanambia neno moja ambalo lilipaswa kunitosha maisha: "Usiache lishuke chini ya robo. Petroli ikikwisha, umekwisha mafuta. Dizeli ikikwisha, umekwisha gari."

Nikasema ndiyo. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, fundi apenda kutisha watu.

Lazima muelewe sisi watu wa pikapu tulivyokuwa. Kujaza tangi kwetu ilikuwa ni ushamba. Tulitia mafuta ya kufikia tu, na geji ikilala kwenye nyekundu ndipo mchezo ulipoanza. Gari ikianza kukohoa, unayumbisha usukani kushoto na kulia ili yale matone ya mwisho yaliyojificha pembeni yakimbilie kwenye paipu, na unafika kituoni umezima injini, unateleza kwa mwendo uliobaki. Tukikutana jioni tulijisifia kwa hayo. Mimi nilikuwa bingwa. Niliwahi kutoka Mbaraki mpaka Bondeni kwa harufu ya petroli. Na hata ikikwisha kabisa, kwani kitu gani? Unakwenda na kopo, unatia nusu tangini, kidogo mdomoni mwa kabureta, unaondoka.

Asubuhi moja ya Mei, wakati wa masika, nikapakia unga na sukari pale Mbaraki. Geji ya lori langu ilikuwa nzima, nisije nikaisingizia. Niliiona iko wapi. Nilipita kituo cha kwanza nikasema nitatia kingine. Nilipita cha pili kwa sababu kulikuwa na foleni. Mawingu yalikuwa yameshaiva, na turubai langu lilikuwa na matundu mawili niliyokuwa nikisema kila siku kuwa kesho nitayashona. Nikaingia daraja la Makupa. Katikati, maji huku na maji huku, lori likakohoa.

Mimi nikafanya nini? Nikayumbisha. Lori la tani nne na mzigo wake, juu ya daraja, nikalipeleka kushoto, nikalipeleka kulia, nikitafuta matone. Walio nyuma yangu walidhani nimepatwa na kifafa. Likatetemeka, likanyamaza, na mvua ikashuka papo hapo kana kwamba iliambiwa.

Nikawasha. Nikawasha tena. Niliendelea kuwasha mpaka betri ikawa inatoa sauti ya mtu anayeomba aachwe alale. Nyuma yangu honi zimejipanga mpaka kisiwani. Nikalifunga, nikatimua mbio kwa miguu katika mvua kurudi Makupa, kanzu imenigandama, kwa Kahindi. Nikamwambia gari imezima. Hakuniuliza imezimaje. Alichukua mfuko wake wa spana, na kwa mkono wa pili akachukua mtungi wa plastiki wa lita tano uliojaa dizeli. Nikauona ule mtungi, na nikajua kuwa ameshajua. Tukatembea mpaka darajani.

Aliutia tangini wote. Kisha akafanya kazi ambayo nyinyi ni lazima muijue, kwa hiyo sikizeni. Tangi la dizeli likikauka, hewa inaingia kwenye mapaipu, na pampu haiwezi kusukuma hewa. Alilegeza skrubu iliyo juu ya chujio, akawa anapiga ile pampu ndogo ya mkono, tapu, tapu, tapu. Hapo hutoka povu. Huna budi kuendelea mpaka povu likome na mafuta yatoke safi, ndipo ukaze. Kisha alilegeza nati za paipu zinazokwenda kwenye nozeli, zile za kunyunyiza mafuta ndani ya injini, moja baada ya moja, mimi juu nikiwasha kwa betri iliyobaki, naye chini akitazama mpaka kila moja iteme mafuta, anaikaza. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi hodari, kama mvua hainyeshi. Siku ile ilikuwa ni zaidi, na juu yetu unga ulikuwa ukinywa maji kupitia matundu yangu mawili.

Hatujamaliza, gari ndogo ya Mzee Bakari ikasimama kando. Watu walikuwa wamempelekea habari kuwa mzigo wake umelala darajani. Akashuka na mwavuli, akapanda gurudumu la nyuma kwa umri wake ule, akafunua turubai, akaona. Magunia ya juu yalikuwa yameshakuwa uji. Akashuka polepole. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza.

"Imekuwaje, Athumani?"

Wanangu, mbele yangu kulikuwa na maneno mawili tu: yamekwisha mafuta. Ningeyasema, ningekosa kazi, na lori lisiloingia Mji wa Kale lingebaki kunitazama mlangoni. Nilimfikiria Mwanasha na akiba aliyonipa. Nilifikiria pia, na hili ndilo la aibu zaidi, vile watakavyonicheka. Juzi yake Kahindi alikuwa amefungua chujio na kugusa pampu ya lori langu. Basi nikasema, "Pampu, Mzee. Juzi ilifunguliwa. Naona haikufungwa vizuri."

Kahindi alikuwa amechutama pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, dizeli mpaka viwikoni, mtungi mtupu karibu na mguu wake. Mzee Bakari hakujua mambo ya magari, na kwake mtungi ni mtungi wa fundi. Akamgeukia. "Kahindi, ni kweli?"

Nikasubiri aseme. Nilimtazama shingoni, sikuweza kumtazama usoni. Kahindi alikaza nati iliyobaki, akasimama, akafuta mikono kwa tambara, akanambia mimi, "Washa." Nikawasha, likawaka. Akaokota mfuko wake na mtungi wake, akarudi Makupa kwa miguu.

Wiki ile ile Mzee Bakari akayahamisha malori yake matatu kwa fundi mwingine. Mimi akaniacha na kazi, akanionea na huruma juu yake.

Jioni niliposikia hivyo nilimwambia Mwanasha yote. Nilidhani ataniliwaza. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Umemuuza mtu kwa lita tano," akasema. Akaendelea kuchambua.

Nikajipa moyo kuwa Kahindi ana wateja wengine. Lakini nyinyi mnajua Makupa. Neno likianguka pale asubuhi, jioni limeshapata miguu. Kahindi hafungi pampu vizuri. Kahindi amezeeka. Kahindi ametia hasara unga wa watu. Na mimi barabara yangu ilikuwa moja, ya kupita mbele ya uwanja wake kila siku, kwenda na kurudi. Nilijifunza kupita hapo nikitazama bahari. Nilishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti, na siku moja nilikitafuta kwa bidii mpaka nikapanda ukingo wa barabara. Naye kila nilipopita alikuwa akiinua mkono kunisalimu. Kwanza alikuwa akiinua akiwa chini ya gari. Kisha akawa anainua akiwa amekaa kwenye kasha, uwanja mtupu. Kisha nikapita siku mbili tatu nikaona mabati yamefungwa.

Nikasema amekwenda Kaloleni kupumzika. Mtu hujidanganya kwa lililo karibu.

Asubuhi moja, yapata miezi miwili tangu ile mvua, nikaingiza lori nyumanyuma ghalani Mbaraki. Mahamali wakaanza kupakia. Nilikuwa nimekaa mbele, nasikia magunia yakitua, na lori likinesa kila moja likitua. Nikashuka kuangalia. Akaja mzee mmoja ameinama chini ya gunia la sukari, kichwani amejifunika kipande cha gunia kama wenzake, anatembea kwa zile hatua fupifupi. Akalitua. Akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili.

"Sabalkheri, Bwana Athumani," akasema Kahindi.

Nikaitazama mikono yake. Mikono ile iliyokuwa ikisikiliza injini kwa kugusa tu, sasa ilikuwa inapakia gari langu, lile lile, kwa kazi ile aliyoniombea yeye. Akarudi ndani kufuata gunia jingine. Mimi nikaingia garini, nikaondoka, mzigo nusu, mlango wa nyuma uko wazi, mahamali wananipigia kelele. Sikumbuki njia niliyopita.

Nikafika Bondeni dukani. Mzee Bakari amekaa mlangoni na wazee wenzake wawili, wanakunywa kahawa. Na hapa pia nikajiaibisha, kwa sababu badala ya kusema, nikaanza kusalimu. Nikamuuliza hali, akasema alhamdulillahi. Nikamuuliza wa nyumbani, akasema hawajambo. Nikauliza ndugu zake wa Malindi. Nikaingia kwa wajukuu, mmoja mmoja, kwa majina. Nilipofika kwa mjukuu wa nne na kikohozi chake, akaweka kikombe chini. "Athumani, sema ulilojia."

"Ile pampu haikuwa na kitu, Mzee. Lori lilikwisha mafuta."

"Lini?"

"Siku ile ya mvua. Geji niliiona. Kahindi alikuja na lita tano zake, akanitilia, na mimi nikamsingizia mbele yako. Hivi sasa anabeba magunia yako Mbaraki."

Mmoja wa wale wazee akanitazama toka juu hadi chini, akageuza kiti chake akatazama upande wa pili. Mzee Bakari akasukuma kikombe chake kando. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. "Nenda kamlete," akasema. "Na usimwambie mimi namwita. Mwambie wewe ulilosema hapa, maneno hayo hayo."

Nikarudi Mbaraki. Nikamwambia pale pale mbele ya mahamali, nikisimama juani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya. Ngoja nimalize zamu yangu." Nikamwambia twende sasa. Akasema watu wamemtegemea, hawezi kuacha kazi nusu. Basi na mimi nikavua kofia, nikaingia ghalani, nikainama, wakanitwika gunia. La kwanza nililifikisha. La pili lilinifikisha mimi chini, na sukari ya Mzee Bakari juu yangu, na ikabidi watu wawili wanitoe. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona Kahindi akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Njiani nilimuuliza, "Mbona ulinyamaza siku ile?"

"Ningesema, ungefukuzwa pale pale, kwenye mvua," akasema. "Nikasema nimwache, kesho atakwenda kusema mwenyewe." Akatazama nje dirishani. "Nilingoja, Bwana Athumani. Nilingoja sana."

Tulipofika dukani Mzee Bakari alisimama kumpokea, jambo ambalo hakumfanyia mtu yeyote mbele yangu. Akamtaka radhi. Akamwambia malori yake yatarudi Makupa asubuhi, yote matatu. Kisha akanielekeza kidole. "Na huyu? Mara ya kwanza wewe ndiwe uliyeniambia nimpe kazi. Leo wasemaje?"

Nilitazama chini. Nilikuwa tayari, wallahi, hata lile lori nilikuwa nimeshaliuza moyoni mwangu.

"Mwache afanye," akasema Kahindi. "Lakini asivuke Makupa mpaka nipime tangi."

Nilidhani ni maneno ya siku ile. Kesho yake nikipita, amesimama katikati ya barabara na ufito wa mnazi mkononi. Akanisimamisha, akafungua kifuniko, akautumbukiza ufito, akautoa, akautazama mbele ya mafundi wote wa Makupa na wateja wao. "Yamo," akasema, na nikaruhusiwa kupita. Kesho yake tena. Ikawa ni kawaida ya mji. Watu walikuwa wakikaa makusudi kungoja. Siku yasipotosha, mimi mtu mzima mwenye wajukuu nilirudishwa kituoni kama mtoto aliyesahau daftari, na wao wakinipigia makofi. Haikuwa mwezi, haikuwa mwaka. Ilikuwa ni kila asubuhi ya kazi mpaka miaka ya tisini ikakatika, na baada ya yale ya dukani, lile jambo la Mei hakulitaja tena hata mara moja. Alipima tu.

Kisha macho yakamchoka, watoto wake wakaja kumchukua, akarudi kwao Kaloleni. Tuliagana Jumamosi. Jumatatu nikatoka Mbaraki na mzigo, nikafika pale Makupa, nikasimamisha lori mbele ya mabati yaliyofungwa, nikashuka, nikafungua kifuniko cha tangi, nikakaa pembeni nikingoja. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Nilikuwa nimelijaza tangu jana yake ili aone.